Kituo cha mpira cha watoto, Mtwara mjini: nyota nne, baada ya kuona walivyomshughulikia kocha aliyelalamikiwa

Mwanangu wa mwisho anafanya mazoezi kwenye kituo hiki tangu msimu wa korosho uliopita. Kiwanja kipo upande wa Shangani, upepo wa bahari unakifikia, na mzazi wa Mtwara mjini mwenye mtoto anayependa mpira atakijua hata nisipokitaja. Jina naliacha kwa makusudi. Sehemu kubwa ya nitakayoeleza inamhusu kocha aliyelalamikiwa na watoto waliotoa maelezo, na mji wetu ni mdogo.

Ya kawaida kwanza, kwa sababu ndiyo wazazi wananiuliza. Ada ni shilingi 15,000 kwa mwezi, unalipa kwa simu na unapewa risiti. Mazoezi ni Jumanne na Alhamisi kuanzia saa kumi jioni, na Jumamosi saa moja asubuhi. Watoto wamegawanywa kwa umri: chini ya miaka 10, chini ya 13 na chini ya 16. Kiwanja kina mchanga mwingi kwenye goli la upande wa bahari, mpira unakufa pale, na watoto wengi wanacheza peku kwa sababu njumu hazisaidii kitu. Mipira inatosha. Choo kinahitaji kazi. Kivuli cha wazazi ni mwembe mmoja tu, ukichelewa unakaa juani.

Mafunzo yenyewe ni mazuri. Nimeona watoto waliokuwa wanapiga mpira mbele na kuukimbilia, sasa wanautuliza, wanainua kichwa, wanatafuta mwenzao. Makocha wanawapeleka uwanja wa Nangwanda Sijaona kutazama mechi, na wakirudi wanawauliza: beki wa kulia alikuwa amesimama wapi lile goli lilipoingia? Mwanangu sasa ananieleza mimi mambo ya kuziba nafasi. Kwa mji ambao timu ya Ndanda iliwahi kuupeleka Ligi Kuu, na jirani zetu wa Ruangwa wakaja na timu yao ya Namungo, watoto hawa wana sababu ya kuamini kwamba mpira wa kusini unafika mbali.

Ila nyota hizi nne sikuzitoa kwa sababu ya mafunzo.

Mama mmoja alimwogesha mwanawe Jumamosi mchana akaona alama za fimbo kwenye ndama za miguu. Mtoto akasema kocha wa kundi la chini ya 13 anawachapa wanaochelewa. Habari ikatoka nyumba moja hadi nyingine, na kama kawaida ikaongezeka njiani: kwamba anawanyima maji mpaka wamalize kukimbia, kwamba fedha za njumu zilizochangwa amekula yeye. Yule mama hakuandika kwenye kundi la wazazi. Alikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kituo na mtoto wake, akaonyesha miguu.

Jumatatu jioni tukapata ujumbe huu kwenye simu zetu: "Wazazi, shikamooni na habari za jioni. Mwalimu wa kundi la chini ya miaka 13 amepisha kuanzia leo wakati malalamiko yanachunguzwa. Hajahukumiwa. Posho yake inaendelea. Alisikilizwa leo asubuhi kabla ya uamuzi huu. Kamati itatoa majibu ndani ya siku 21. Mwenye maelezo amwone mjumbe wa kamati, tafadhali tusijadili hapa majina ya watoto."

Nimeusoma ujumbe huo mara nyingi, na naona kila sentensi yake ina kazi. Hata hivyo wazazi walichachamaa. Baba mmoja, mtu ninayemheshimu sana, aliniambia tukiwa chini ya ule mwembe: "Ndugu yangu, wamemhukumu mtu kwa maneno ya mtoto. Kesho nani atakubali kufundisha?" Mzee mwingine akaongeza kwamba wao walikuzwa kwa fimbo na hawakufa. Wengine walitaka kocha afukuzwe siku ileile, apelekwe kituo cha polisi, picha yake isambazwe.

Mimi niliwajibu wote kwa mambo ya farasi, kwa sababu ndiko nilikolijua jambo hili kabla sijalikuta kwenye mpira.

Kabla ya kurudi nyumbani Mtwara nilikuwa saisi kwenye shamba moja la farasi Usa River, kule Arusha. Kazi ya saisi ni kulisha, kupiga brashi, kukagua kwato, kufunga tandiko na kulala karibu na banda farasi akiwa mgonjwa. Mkufunzi ndiye anayeamua farasi afanye nini, akimbie kiasi gani, apewe dawa gani. Palitokea malalamiko kwamba mkufunzi mmoja anawapiga farasi kwa mjeledi wakikataa kuruka vizuizi. Uongozi ukaja kuuliza. Wakatupanga mstari mbele ya mabanda, na mkufunzi mwenyewe amesimama palepale, mikono mfukoni. Sisi tunalala kwenye vyumba vya shamba, zamu anapanga yeye, likizo anatoa yeye, barua ya kukusifu ukienda kutafuta kazi kwingine anaandika yeye. Wa kwanza kuulizwa akasema hajaona kitu. Wa pili hivyohivyo. Uchunguzi ukaisha kabla ya chai ya saa nne. Farasi naye hasemi. Unaona kovu ubavuni, ila kovu halitaji jina la mtu.

Tangu hapo nina msimamo mmoja ambao haujabadilika: mkufunzi anayelalamikiwa apishe ili walio chini ya mkono wake waweze kusema. Kumwadhibu ni suala la baadaye, likithibitika. Kumsafisha pia ni suala la baadaye. Kwanza waliomzunguka wapumue.

Huko nje ambako mbio za farasi ni biashara kubwa, wameligombania jambo hili miaka yote, na nimekuwa nikifuatilia kwenye simu kwa sababu mapenzi ya farasi hayajanitoka. Chukua Ireland, mwaka 2021. Mwishoni mwa Februari ilisambaa picha ya mkufunzi Gordon Elliott, mmoja wa wakubwa kabisa wa mbio za kuruka vizuizi, amekaa juu ya farasi aliyekufa huku anaongea na simu. Alikiri picha ni ya kweli akaomba radhi. Uchunguzi ulikuwa wa mamlaka ya Ireland, lakini mamlaka ya mbio ya Uingereza haikungoja: ilisema farasi wake hawatakimbia Uingereza uchunguzi ukiwa unaendelea. Na mashindano makubwa ya Cheltenham, hukohuko Uingereza, yalikuwa mwezi uliofuata, Machi. Tarehe 5 Machi Ireland ikatoa uamuzi: leseni ifungiwe miezi 12, sita ya mwisho ikiwa ni onyo tu, si ya kutumikia. Banda lake likachukuliwa na mkufunzi mwingine mwenye leseni, Denise Foster. Farasi Tiger Roll, yule aliyeshinda Grand National, mbio maarufu za Uingereza, mwaka 2018 na 2019, akaenda Cheltenham chini ya jina la Foster na akashinda mbio yake.

Hilo la Tiger Roll ndilo nililomwambia yule baba aliyeuliza nani atafundisha kesho. Kazi haifi mtu mmoja akikaa pembeni. Farasi walilishwa, masaisi walilipwa, mbio zilikimbiwa.

Lakini nilimpa na upande wake. Mei 2021, Marekani, farasi Medina Spirit alishinda mbio kubwa za Kentucky Derby, kisha vipimo vikaonyesha betamethasone kwenye damu yake, pikogramu 21 kwa mililita, dawa ambayo haikutakiwa kuwemo siku ya mbio. Mkufunzi wake, Bob Baffert, alikana kosa. Baadaye upande wake ukasema ilitoka kwenye mafuta ya kutibu ugonjwa wa ngozi. Waendeshaji wa mbio za New York wakamzuia kwa muda asiingize farasi kwenye viwanja vyao. Akaenda mahakamani, na Julai mwaka huohuo jaji wa mahakama ya shirikisho akaliondoa zuio lile kwa sababu hakuwa amepewa nafasi ya kusikilizwa kabla ya kuzuiwa. Jaji hakusema Baffert ni safi. Alisema humweki mtu pembeni bila kumsikiliza. New York wakarudi nyuma, wakafanya kikao cha kumsikiliza, na mwaka 2022 wakamfungia mwaka mmoja.

Ndiyo maana ile sentensi ya kituo chetu, "Alisikilizwa leo asubuhi kabla ya uamuzi huu," ilinifurahisha kuliko zote. Sidhani aliyeiandika amewahi kusikia habari za New York. Alitumia akili na haki. Na ile ya posho kuendelea vilevile: kanuni za ajira za nchi yetu za mwaka 2007 zinamruhusu mwajiri kumsimamisha mfanyakazi tuhuma nzito zikichunguzwa, lakini kwa malipo kamili. Kocha wa posho hana mkataba mnene kama wa ofisini, na kituo kingeweza kumkatia tu. Hawakumkatia. Mtu mwenye familia akipishwa bila hata shilingi, umeshampa adhabu, tena umempa sababu ya kuwafuata wazazi majumbani kuwabembeleza wafute maneno.

Kuna tofauti moja ambayo watu wanaichanganya. Shauri la dawa kama la Medina Spirit, ushahidi upo maabara. Damu na mkojo vimefungwa kwenye chupa, kuna sampuli ya pili ya kuhakiki, na hakuna mkufunzi anayeweza kuitia chupa hofu. Shauri la kupiga, kutukana, kunyima maji, ushahidi upo vinywani mwa watu. Huko ndiko kupisha kuna uzito mkubwa zaidi, kwa sababu vinywa vinafungika. Julai 2024, siku chache kabla ya Olimpiki ya Paris, Charlotte Dujardin wa Uingereza, bingwa mwenye medali za dhahabu za Olimpiki katika kuchezesha farasi kwa hatua, alijitoa mwenyewe kwenye mashindano baada ya kutokea video akimpiga farasi miguuni kwa mjeledi mara nyingi kwenye mafunzo. Shirikisho la dunia likamsimamisha kwa muda, na Desemba likamfungia mwaka mmoja kuanzia ile Julai. Video ile ilikuwa ya zamani. Jiulize ilikaa wapi muda wote huo, na kwa nini. Mwanafunzi gani anamshitaki bingwa wa Olimpiki anayemfundisha?

Sasa mtoto wa miaka 11 wa Chikongola, anayeota kuvaa jezi Nangwanda, atamsemaje kocha anayepanga kikosi cha Jumamosi, kocha akiwa amesimama hatua tatu kutoka alipo?

Ndiyo maana nasema kituo kilifanya jambo la msingi sawasawa. Watoto walihojiwa mmoja mmoja, mzazi akiwepo, na afisa ustawi wa jamii aliombwa kukaa. Maswali yalikuwa mepesi. Mwanangu aliulizwa mazoezi huwa yanaendaje mtu akichelewa, na akaachwa aeleze. Alieleza mambo ambayo nyumbani hakuwahi kuyatamka, na mimi baba yake nilikaa kimya nikisikiliza, nimeshika kofia yangu. Hakuna aliyemwambia "sema ukweli" kwa sauti ya ukali. Pia walibandika kwenye mwembe karatasi yenye namba 116, ile ya simu ya huduma kwa mtoto ambayo kupiga ni bure, ili mzazi asiyeiamini kamati awe na pengine pa kusemea. Kituo kinachowaonyesha wazazi njia ya kukishitaki chenyewe kinastahili heshima.

Majibu yalitoka ndani ya muda. Fimbo: kweli, watoto wengi walieleza kwa namna moja, na kocha mwenyewe mwishoni alikubali. Maji: si kweli, ndoo ilikuwepo na watoto wenyewe walisema wanakunywa, tatizo lilikuwa ndoo ni moja na vikombe viwili. Fedha za njumu: si kweli kabisa, risiti zote zilikuwepo na njumu ziliagizwa. Hapo nilimtafuta yule baba niliyebishana naye, nikamwambia tazama, kupisha kumemsaidia hata kocha. Angebaki uwanjani siku zote zile, nani angeamini kwamba hakuzipanga risiti? Sasa wizi hauko tena juu ya kichwa chake. Amebaki na lile alilofanya, na ni hilo tu analijibu.

Kwa lile la fimbo, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza adhabu ya kikatili kwa mtoto, na inasema hakuna kumrekebisha mtoto kunakokubalika kukipita kiasi. Alama zinazoonekana saa kadhaa baadaye kwenye miguu ya mtoto aliyechelewa mazoezi zimepita kiasi, na mzee wetu aliyekuzwa kwa fimbo nampa heshima yake lakini hapo sikubaliani naye. Kamati iliamua kocha akae nje ya kazi miezi mitatu, bila posho safari hii, awaombe radhi wazazi wa watoto husika, na akirudi asiwe peke yake na kundi mpaka mwisho wa msimu. Wengine wanaona ni kidogo. Mimi naona inatosha, kwa sharti la kwamba ile ya kutokuwa peke yake isimamiwe kweli.

Nyota moja niliyoinyima ina sababu tatu.

Ya kwanza ni kwamba hawakuwa na mtu wa kushika nafasi. Kundi la chini ya 13 lilipewa kocha msaidizi ambaye tayari ana kundi la chini ya 10, na kwa muda watoto zaidi ya 40 walikuwa wanazunguka koni nne. Wengine waliacha kuja. Mzazi akiona mtoto wake anapoteza mazoezi, hasira inamwangukia yule mama aliyelalamika, na nilisikia maneno mabaya juu yake sokoni ambayo hakustahili. Kituo kinatakiwa kujua kabla, kwa kila kocha, nani atashika akiondoka ghafla, iwe kwa malalamiko, iwe kwa malaria.

Ya pili ni nzito zaidi. Alhamisi moja, uchunguzi ukiendelea, kocha alikuja kusimama nje ya uzio akitazama mazoezi. Hakusema neno. Watoto walimwona, na kundi zima lilipoa. Msaidizi, ambaye ni kijana wake aliyemlea kimpira, alikwenda kumsalimia na wakaongea muda mrefu. Hiki ndicho kilichowasumbua watu kule Marekani mwaka 2022, Baffert akiwa amefungiwa na uwanja wa Churchill Downs, panapokimbiwa Kentucky Derby: farasi wake Taiba na Messier walikwenda Kentucky Derby chini ya Tim Yakteen, mtu aliyewahi kuwa msaidizi wake. Sheria ilikubali. Lakini watu waliuliza, na walikuwa na haki ya kuuliza, kama mkono uliokuwa nyuma ya farasi wale ulibadilika au lilibadilika jina tu. Kupisha ni pamoja na kutofika uwanjani na kutompigia simu aliyekushikia nafasi. Hilo liandikwe. Nilimwambia mwenyekiti siku ileile, akaja kumwondoa kwa lugha nzuri, ila halikupaswa kungoja mzazi aseme.

Ya tatu, majibu yalisomwa kwa mdomo kwenye mkutano wa Jumapili chini ya mwembe. Waliokosa mkutano, na wengi walikuwa mashambani wakiokota korosho, walipata habari za kuambiwa, na tayari nimesikia mtu akisema kocha alithibitika mwizi. Karatasi moja isiyo na majina ya watoto ingetosha.

Mwanangu anaendelea pale na nimeshalipa ada ya mwezi ujao. Ndoo za maji sasa ni mbili, zina koki, na vikombe kila mtoto anakuja na chake. Mama aliyelalamika amechaguliwa kuingia kwenye kamati ya wazazi, kwa kura nyingi.

Anayetaka kuandikisha mtoto aende Jumamosi kabla ya saa tatu, mwenyekiti huwa yupo. Beba nakala ya cheti cha kuzaliwa na picha moja. Mwulize mambo mawili kabla hujatoa fedha: nani anashika kundi la mwanao kocha akipishwa, na kanuni ya kocha aliyepishwa kutokanyaga uwanjani imeandikwa wapi. Nilipomwuliza wiki iliyopita alisema rasimu ipo, inangoja kikao cha kamati. Ikibandikwa kwenye ule mwembe naongeza nyota ya tano.